Vidole Kumi vya Deka

Kipande chenyewe cha mkate wa anjera kilikuwa kidogo kama kucha, na bado kimekwama kifuani tangu jana adhuhuri. Deka, msichana wa miaka ishirini, amekaa kwenye benchi ya ofisi ya vitambulisho Garissa, kikombe cha plastiki mkononi, anatema mate. Hata mate hayapiti!

Daktari alisema njia ya chakula imebana pale iliposhonwa utotoni. Ipanuliwe, tena haraka. Wodi ya watoto ikasema ameshakuwa mkubwa. Ya wakubwa ikataka bima. Bima ikataka kitambulisho.

"Kidole gumba," karani akasema.

Deka akaweka kwenye mashine. Taa ya kijani: kidole kimeshasajiliwa.

Karani akacheka. "Mama, huyu ni mkimbizi. Kambi ya Ifo, elfu mbili na kumi na moja."

"Wallahi huyu nimezaa hapa hapa," akasema Weris, mama yake. "Alizaliwa njia ya chakula haijaungana. Maziwa inatoka kwa pua! Hapa hakuna wa kupasua. Ifo walikuwa wanapeleka watoto Nairobi bure, lakini wakimbizi peke yake. Nikasema sisi wakimbizi. Akifika miaka sita tukarudi apanuliwe, ndio wakachukua alama za vidole. Ungekuwa wewe, walaal, ndugu yangu?"

"Ningesema ukweli."

"Ungezika."

Karani akakoroga chai. "Basi rudini Ifo wampanue tena."

"Ifo walitufuta! Walisema sisi Wakenya."

"Walikupa barua?"

"Walisema kwa mdomo."

"Mdomo hauna muhuri, mama."

Deka akasimama. Sauti yake ilitoka imejaa maji. "Jaribu kingine."

"Kingine nini?"

"Kidole. Labda hawakuchukua vyote."

Karani akatazama saa, akainua mabega. Shahada: kijani. Cha kati: kijani. Cha pete, cha mwisho. Weris alikuwa akifuata kila kidole, midomo ikicheza, bismillah, bismillah.

"Mashine inakupenda wewe," karani akasema.

Deka akahamisha kikombe mkono wa kulia, akaanza wa kushoto. Kijani. Kijani. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni na hakuna pa kumwaga. Kijani. Mate yakamponyoka mdomoni, yakaanguka juu ya kioo cha mashine.

Karani akatoa kitambaa, akapangusa taratibu, mpaka kwenye pembe.

"Chunga, hii ni mali ya serikali." Akakibonyeza kidole cha nne. Kijani. "Haya, lete. Kimebaki kimoja."