Kilio cha Faraja Ndani ya Mdundo

Siku aliyofariki Faraja, dada yake Zamda alikuwa stendi ya Kibiti anafunga korosho kwenye vifuko. Shemeji yake, mume wa Faraja, alipiga simu kutoka Mchukwi. Pikipiki aliyopanda Faraja imegongwa na lori, alisema, na hospitali hakufika akiwa hai. Zamda alimaliza kufunga kile kifuko kilichokuwa mkononi, akamwachia jirani meza yake, akaenda kuzika.

Walikuwa wamebaki wawili tu. Mama yao alichukuliwa na maji kule Mohoro mwaka wa mafuriko, alipoingia shambani kuokoa mpunga. Faraja alikuwa upande wa juu anamwona, anamwita, hana la kufanya. Wakati huo alikwishaolewa na Mkristo na kuingia kanisani. Ndugu walinuna, Zamda aliwaambia basi wamnunie na yeye. Kifo cha mama yao ndicho Faraja alichokitungia wimbo, akaupeleka kwenye kwaya yake.

Walipokwenda kurekodi, alifika penye maneno "mama, shika tawi" akashindwa. Alivuta pumzi, ikatoka sauti kama ya mtu aliyepigwa kifuani. Ikatoka tena. Kisha akaendelea kuimba hadi mwisho. Walimwuliza kama anataka kurudia. Akasema waache hivyo hivyo.

Zamda alikuwa na wimbo huo kwenye simu, na hakuufungua ovyo. Aliusikiliza Ijumaa, akishawasomea dua mama yake na Faraja pia. Hakumwuliza mtu kama inafaa kumsomea aliyekufa Mkristo.

Miezi ikapita. Asubuhi moja vijana wa bodaboda walifungua spika pale stendi, ukatoka mdundo wa singeli, wa mbio, wa kutetemesha vioo. Katikati ya mdundo Zamda akaisikia ile pumzi ya Faraja. Imekatwa, imebandikwa tena na tena, hi-hi, hi-hi, kama pampu ya baiskeli. Kila ilipolia, vijana walishika kifua na kudondosha mabega kwa pamoja.

"Lia, mwanangu, lia," alisema mmoja. "Mbona unalia kama una deni la mkopo wa kausha damu?"

"Wimbo gani huo?" Zamda aliuliza.

"Wa injili, mama. Kila mtu anaucheza. Hata wewe ruksa, shehe hatumwambii."

Wakacheka. Zamda alifunika korosho zake kwa kanga, akaenda moja kwa moja kwa Mrisho, aliyekuwa na studio nyuma ya maduka ya simu; wimbo ule ulirekodiwa humo. Mrisho alikuwa Mwislamu kama yeye. Alitengeneza singeli mchana na kurekodi kwaya jioni, kwenye mashine ile ile.

"Nani alikata pale anapolia?"

Mrisho alivua visikilizio masikioni. "Da Zamda, mimi fundi tu. Mwalimu wa kwaya alikuja na watu wa chaneli ya injili kutoka Dar. Wanataka kitu cha vijana, kishindane na nyimbo za mtaani."

"Sijauliza nani alikuja. Nimeuliza nani alikata."

"Mimi. Waliniambia nitafute kipande kinachonasa."

"Ulikuwepo siku ile. Ulijua analia."

"Nilijua," alisema Mrisho, macho kwenye mashine. "Ndiyo maana kinanasa."

Zamda aliondoka kabla mkono wake haujafanya jambo. Alipanda pikipiki hadi Mchukwi, akawakuta wanakwaya nje ya kanisa. Walikuwa wamejipanga mistari, wanajifunza kudondosha mabega. Mwalimu wao alimjia mikono wazi.

"Karibu, dada yetu. Wimbo wa mdogo wako umefika mbali. Vijana waliokuwa wanasikiliza matusi, leo wanacheza neno la Mungu."

"Neno gani? Kwenye kile kipande mnachocheza, nitajie neno moja."

Mwalimu akakohoa. "Tunawafuata walipo, dada. Ukitaka kijana akusikilize..."

"Pale mama yangu anazama, mwalimu. Mnacheza mama yangu anazama."

"Punguza hasira."

"Sipunguzi. Wale wa stendi hawajui, nimewasamehe. Wewe ulisimama naye studio, ukampa leso. Kila Jumapili mnawasema wasanii kwamba wanauza miili. Wao wanauza kiuno cha mtu aliye hai, aliyekubali. Nyie mmechukua pumzi ya marehemu. Itoeni. Wimbo kaeni nao, kile kilio kitoeni."

Mistari ilikuwa imevunjika. Wanakwaya walisogea kusikiliza. Mwalimu akatoa simu, akaipigia chaneli, akaweka sauti ya nje. Alipokea msichana mwenye sauti ya kutangaza, kama wale wanaosoma habari za mastaa. Alisikiliza yote, akasema pole sana.

"Ila dada, hicho kipande ndicho wimbo. Tukikitoa, unabaki wimbo wa kwaya kama nyimbo zote za kwaya."

"Ndicho alichoimba. Wimbo wa kwaya."

"Nakuelewa kabisa. Sasa, kwa nini usije studio kwetu? Utueleze habari za mama, mafuriko, marehemu. Tutaweka kamera. Ukilia usijizuie, watu wanabarikiwa na vitu vya kweli."

Zamda aliitazama simu kwenye kiganja cha mwalimu.

"Mnataka na changu," alisema.

Akabonyeza mwenyewe kuikata. Mwalimu alibaki ameishika kama kitu alichookota njiani. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza, mgeni kwenye kwaya, aliuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe alikuwa analia kweli?"

Zamda aliwatazama wale waliokuwepo siku ya kurekodi, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja akaangalia chini, kisha akaenda kutafuta usafiri wa kurudi Kibiti.

Kwaya ya Mchukwi imeacha kuuimba wimbo ule. Chaneli haikuacha kuupiga. Zamda amehamishia meza yake kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambako wateja ni wachache na muziki wa stendi hausikiki.