Nilivyoiogopa Damu ya Tate

Neno lilianzia saluni kwa Jocelyne, hapa Rosettenville, mtaa wetu wa ugenini, likakataa kunitoka: damu ya mzee inageuka, chembe zake zinapanda kichwani na kula akili. Ukigusana nayo, na wewe umekwisha.

Mama mkwe wangu, tunamwita Tate, alikuwa ameanza kusahau. Chumvi anatia mara tatu. Na mwezi ule alikuwa amemchanja binti yangu Héritière kwenye paji la uso, dawa ya kichwa kuuma, kama tunavyofanya kwetu Uvira. Alijichanja yeye kwanza ili mtoto asiogope, kisha mtoto, wembe ule ule. Mimi mwenyewe nilishika dawa.

Basi nikaanza kumchunguza mtoto. Akisahau daftari, moyo unaruka. Tate nikamtengea kikombe, sahani, taulo.

"Nimekuwa mbwa?"

"Hapana, Mama. Ni usafi."

"Usafi gani wa mtu mmoja?"

Siku ya Jumanne Tate akatoka bila kuaga. Tulimkuta jioni Turffontein, mtaa wa jirani, kwenye roboti, zile taa za barabarani, magari yanapiga honi, anauliza njia ya Uvira.

Tukampeleka kliniki. Nesi Gaudiose, Mrundi, akatoa damu chupa tatu. Nikauliza, kwa nini tatu? Akazitaja: sukari, tezi, upungufu wa damu, vyote vinaweza kumsahaulisha mtu. Sikuridhika. Nikamweleza yote, ya saluni na ya wembe.

Akacheka. "Mama Héritière, kusahau si mafua! Kila mtu akizeeka, chembe zake za damu zinabadilika, zake mwenyewe. Wataalamu wanachunguza kama zinahusika na ugonjwa wa kusahau. Hawajamaliza."

"Kama hawajamaliza, wewe unajuaje hauambukizi?"

"Hakuna aliyeonekana kuupata kwa wembe." Kicheko kikaisha. "Lakini ukimwi na homa ya ini vinapita hapo. Mlete mtoto leo."

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Nikatoka mbio kumchukua.

Tate na mtoto walipimwa, wako salama. Mtoto atarudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu virusi huchelewa kuonekana, na mpaka siku hiyo mimi sina usingizi. Tate nimemwomba msamaha. Aliniuliza wa nini.

Mama wenzangu, epukeni haya:

Kuchanja watu wawili kwa wembe mmoja, hata wa damu moja.
Kumtenga mzee kwa maneno ya saluni.
Kumwacha anayesahau atoke peke yake.
Kutolewa damu bila kuuliza inapimwa nini.
Kuona aibu kumwambia nesi ukweli.