Utepe wa Sauti kwenye Filamu ya Baba

Kaka yangu aliingia karakanani kwangu bila hodi, akanitupia mezani filamu ya marehemu Baba, ile ndogo isiyo na sauti niliyompiga akizungumza barazani.

"Ibandike utepe wako wa sumaku," akaamuru. "Nataka Baba aongee."

Nilijua tu. Shangazi, dada yake Baba, ndiye angegawa urithi Jumapili. Nikaisafisha filamu huku nimenuna, nikabandika utepe mwembamba wa kunasa sauti ukingoni mwa picha, nikasubiri gundi ikauke. Kisha nikawasha mashine ya kuonyeshea filamu na kurekodi sauti. Baba akawa anachezesha midomo ukutani, na kaka akaigiza sauti yake ya kizee kwenye kipaza sauti: "Nyumba hii namwachia kifungua mimba wangu."

"Huna haya," nikamwambia.

"Haya ya nini? Yule kikongwe haoni, haelewi, ataimeza yote. Na wewe, fundi gundi, funga bakuli lako!"

Bakuli nikalifunga. Mashine sikuizima.

Jumapili ukoo mzima ulijaa sebuleni. Baba akafumbua mdomo ukutani, akamwachia kaka nyumba. Watu wakaguna, kaka akajifuta machozi ambayo hayakuwepo. Lakini Baba hakunyamaza. Midomo ikaendelea kucheza, na sauti ikajaa chumba kizima: "Yule kikongwe haoni, haelewi, ataimeza yote."

Shangazi akageuza uso taratibu kuelekea kiti cha kaka.

"Haya, marehemu," akasema, "hebu sogea hapa."