Kokoto Zilizooshwa

1.

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE
Shamba la Maji Mzunguko, nje kidogo ya Dodoma

Mnajulishwa kuwa Ijumaa shamba litapokea wageni ambao, wakiridhika, watatujengea banda la pili. Kila mfanyakazi ahakikishe eneo lake linang'aa. Hatutavumilia uchafu wa aina yoyote. Aidha, ni marufuku kutoa nje ya geti kitu chochote cha shamba, kiwe kikubwa au kidogo.

E. Kisanga, Meneja.

2.

Uchafu wa aina yoyote. Yashike maneno hayo, msomaji. Mimi niliyashika.

Naitwa Mbeleje. Hapa shambani wananiita Mama Nyemo. Mwaka wa sita huu nafagia, napanda saladi, nalisha samaki, sato. Nimechoka, na sisemi hivyo ili unionee huruma. Goti la kushoto lilichoka kabla yangu.

Shamba letu liko hivi: maji ya samaki, pamoja na choo chao, yanapandishwa kwa pampu hadi kwenye masanduku ya kokoto. Mboga zimepandwa humo, zinakula. Maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Hakuna udongo, hakuna mbolea ya mfuko. Ni kuzunguka tu, kama mama anayemaliza vyombo vya mchana na kuulizwa cha jioni.

Nilichofundishwa kiliishia hapo. Semina ilikuwa ya siku mbili. Siku ya pili nilikuwa na mgonjwa hospitali.

3.

Vitu nilivyoosha Jumatatu, Sekela, fundi wetu wa maji, akiwa likizo ya siku moja:

sakafu
ndoo kumi na moja
kuta za plastiki, ndani na nje
mabomba
kokoto

Kokoto zote. Masanduku sita. Saladi zilikuwa zimevunwa, nikafunga koki, nikachukua brashi na klorini. Zilikuwa na utelezi mweusi kama sufuria ya ugali iliyolala bila kulowekwa. Nikasugua. Nikasuuza mara tatu ili samaki wasidhurike. Mimi si mjinga. Mama yangu alikuwa akisema mgeni akikuta uchafu kwako, anaondoka na jina lako.

Alasiri zilikuwa nyeupe. Nikapanda miche mipya juu yake. Meneja akasema, "Mama Nyemo, wewe ni mfano wa kuigwa," akanipiga picha.

4.

(sisi)

Hatuonekani. Tulikaa kwenye ule utelezi. Choo cha samaki kilitujia kikiwa sumu, tukakigeuza chakula cha mboga. Usiku na mchana, bila likizo, bila kusifiwa, bila

ikaja brashi

5.

Daftari la maji. Mpimaji: Sekela, fundi maji.

Jumanne. Amonia (sumu ya choo cha samaki): njano. Salama.
Jumatano. Njano inayoelekea kijani. Dawa ya kupimia imezeeka? Nirudie.
Alhamisi. Kijani. Hatari. Nimempigia meneja. Amesema tuongee wageni wakishaondoka.
Ijumaa. Kijani kilichokolea. Samaki wana

6.

Kwenye tangi kubwa, Ijumaa, saa nne asubuhi:

— Jamani, oneni wanavyokuja juu!
— Wanatusalimia.
— Hawa wana njaa, maskini.
— Mama Nyemo, hebu walishe, wageni waone.

Nikawalisha. Walikuwa wamefungua midomo juu ya maji lakini hawakula, na sato asiyekula namjua. Sekela alisimama nyuma ya wageni akinitikisia kichwa: usimwage. Nikamwaga. Chakula kikaelea.

Makofi.

7.

Jumamosi. Niliwaopoa kwa wavu mwenyewe.

Arobaini na wawili.

8.

YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA

Sekela Mwaisumo, fundi maji, unatakiwa kufika ofisini Jumatatu saa tatu kamili kueleza kwa nini usiachishwe kazi kwa uzembe wa kusimamia maji, uliosababisha vifo vya samaki na kuhatarisha ujenzi wa banda la pili.

Nakala: ubao wa matangazo.

9.

Jumapili tulibadilisha maji kwa ndoo, mimi na Sekela, maana pampu peke yake haikutosha. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Ana miaka ishirini na sita. Angeweza kuwa mwanangu. Katikati ya kazi alinyanyua mche mmoja wa saladi, akatazama chini yake, akakaa sakafuni.

"Nyeupe," alisema. "Mama Nyemo, kokoto ni nyeupe."

"Hivyo ni vibaya?"

"Ule utelezi ndio unaosafisha maji. Ndani yake kuna vijidudu. Bila hao samaki wanakunywa choo chao wenyewe. Nani aliziosha?"

"Sijui."

Mdomo ulisema kabla yangu. Aliniangalia kidogo, halafu akaangalia malengelenge yake. Nilijisikia vibaya, na bado sikusema.

"Ningepata hata ndoo moja ya zile za zamani," alisema, "ningeanza upya. Ingekuwa mbegu. Lakini ziwe mbichi. Zikikauka zimekufa."

10.

Kuna jambo sijakwambia, msomaji.

Nyumbani kwangu udongo ni mgumu kama kisigino. Jumatatu ile, kabla sijashika brashi, nilijaza ndoo moja ya kokoto na tope lake, nikaifunika kwa kanga, nikatoka nayo getini. Niliimwaga kwenye beseni lililopasuka, nikapandikiza mnavu. Kila siku naumwagilia maji ya kuoshea mchele.

Jumapili ile nilirudi nyumbani nikiiwaza ndoo hiyo, nikakuta mnavu umeshika na kutoa majani mapya. Nikachimba kwa vidole.

Utelezi.

Mweusi.

11.

Nitakayotakiwa kuyasema, kwa mpangilio wa ugumu:

a) Niliosha.
b) Niliiba.
c) Nilipoulizwa, nilisema sijui.

La mwisho ndilo linalonilemea. Mawili ya kwanza niliyafanya kwa mikono. La tatu nilimfanyia mtu.

12.

Geti kuu, Jumatatu, saa mbili na nusu. Mlinzi ni mzee Malogo, ananisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mama Nyemo. Mbona leo umejitwika?"

"Mbukwa, baba."

"Kuna nini humo ndani ya ndoo?"

"Uchafu."

"Uchafu unaingizwa? Watu wanautoa, wewe unauingiza?"

"Ulitoka kwa geti hili hili. Nikiwa nao mimi. Ulinifungulia mwenyewe, ukanisalimia."

Alichukua daftari la geti.

"Unajua nitapaswa kuandika, Mama Nyemo."

"Andika."

"Goti linakuuma. Shusha kwanza."

"Nikishusha sitabeba tena. Fungua, Malogo, saa tatu inafika."

13.

Daftari la maji.

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika tano. Kokoto za zamani, ndoo moja, zimewekwa sanduku la kwanza. Ni mbichi. Samaki waliobaki: hawajahesabiwa, wako juu wote, midomo wazi.

Aliyeosha kokoto: Mbeleje Chilewa. (Ameandika mwenyewe, kwa kalamu yangu. Kisha ametangulia ofisini. Amekataa nimsindikize.)

Amonia, rangi: