Gauni la Kabla na Baada

Mdogo wangu ni msusi, na ni msusi mzuri, hilo simnyimi. Ila tangu wateja waanze kumwita Bibi Kiuno amevimba kichwa, na siku hizi anachoma watu sindano za kupunguza unene kwenye chumba cha nyuma ya saluni. Chupa za dawa hazina hata lebo, anaziweka kwenye friji moja na soda na mtindi wake wa mchana. Ukimuuliza kilichomo, anakwambia ni vitu vya asili. Nyoka naye ni wa asili.

Mimi ni fundi cherehani, mnene, na goti langu la kulia limekwisha. Daktari wa mifupa aliniambia wazi kwamba hatanipasua mpaka nipungue. Bila goti sikanyagi cherehani, na bila cherehani sijui mimi ni nani. Basi Mama akalivalia njuga. Kila Jumapili ananiuliza kwa nini nikapange foleni kwa watu baki na dawa iko nyumbani. Mama huamini lolote likisemwa na mtoto mwembamba.

Nilikwenda kliniki ya hospitali, nusu kwa ajili ya goti, nusu kwa jeuri. Muuguzi akanipima kiuno na presha, akanitoa damu. Daktari aliniuliza kama kongosho limewahi kunisumbua, kama kwetu kuna aliyeugua saratani ya tezi ya shingo, na natumia dawa gani nyingine. Akasema sindano za kupunguza unene hata wao wanazo, ila wapo watu huwakatalia kabisa. Wanaofaa huanza na dozi ndogo, hupandishwa polepole, na lazima warudi kuangaliwa, kwa sababu kuna kichefuchefu na kuna mabaya zaidi. Hakuniahidi kiuno cha mtu yeyote, na hapo ndipo nilipomwamini.

Nikiwa kwenye benchi nasubiri majibu ya damu, mwanamke mmoja alinikodolea macho, mwishowe akasogea karibu.

"Samahani dada, wewe si yule wa kwa Bibi Kiuno? Ulipungua vizuri kweli. Ilikuwaje ukanenepa tena?"

Nilimjibu kwamba sijawahi kupungua tangu nizaliwe. Akanieleza habari za picha yangu iliyopo ukutani kwenye chumba cha nyuma, chumba ambacho sijawahi kukanyaga. Yeye aliiamini picha hiyo, akachomwa, akatapika mpaka akalazwa.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi saluni, nikaingia chumba cha nyuma. Ukutani picha mbili kubwa: Kabla na Baada. Kabla ni mimi kwenye harusi ya kaka yetu. Baada ni yeye, harusi ile ile. Sare za familia nilizishona mwenyewe, kitambaa kimoja, mshono mmoja, na sura zetu sote wawili ni za Mama. Huyu hajawahi kunenepa hata siku moja, utotoni alikuwa akishikwa pua ili anywe uji.

Nilirudi mbele nikamwambia kuna mteja wake alilazwa. Akaendelea kuchana nywele, akasema watu wengine matumbo yao ni mabovu. Kisha, bila haya wala soni:

"Sasa dada, ukishapungua huko kwa daktari, si utakuja tupige ya Baada? Utakuwa umenisaidia sana."

Nilimdharau mpaka nikakosa hasira.

Siku iliyofuata nililivaa gauni lile la sare ya harusi, linalonibana kwapani, nikabeba pindo la kushona kwa mkono, nikaketi mlangoni pa chumba cha nyuma. Kila aliyeingia aliangalia ukuta, akatoka, akaniangalia mimi. Wa kwanza aliniuliza kama ni mimi pale pichani. Nikamwambia ndiyo, na huyo wa Baada ndiye anayesuka pale. Akachukua mkoba wake akaondoka, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo.

Jioni Mama akapiga simu, akasema naharibu riziki ya mwenzangu, niondoke. Nilimwambia nitaondoka pindo likiisha. Nikakata simu, nikalifumua pindo lote nililokuwa nimeshona, nikatunga uzi upya.