Msalaba wa Jabez Cutforth

Jabez Cutforth hakuwa na shamba. Hakuwa na ng'ombe, ingawa kila alfajiri alikamua ishirini wa bwana wake. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala koti la Jumapili isipokuwa la marehemu baba yake. Na katika ukoo wake hakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuandika jina lake katika kitabu cha ndoa cha kanisa letu la Oxmere. Baba yake aliweka msalaba, alama ya asiyejua kuandika, babu yake vilevile. Misalaba hiyo niliiona mwenyewe, maana nilikuwa mpiga kengele na kitabu kilikaa karibu na kamba zangu.

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Mimi naye tukajiandikisha pamoja katika shule ya jioni ya Kasisi Thirkell, tukasoma majira mawili ya baridi. Jabez aliandika jina lake kwenye mlango wa zizi, kwenye ndoo, hata kwenye jibini la bwana wake, akatukanwa wiki nzima. Mchumba wake, Keziah Blades, aliyejua kusoma na kuandika tangu utoto, alikubali kungoja mwaka mmoja zaidi mpaka herufi zikamilike.

Siku ya ndoa, baada ya ibada, tuliingia chumba cha nyuma kutia sahihi. Kasisi, mtu wa haraka, alikuwa amekijaza kitabu tangu Ijumaa. Mahali pa sahihi alikwisha kuandika "alama ya Jabez Cutforth", akaacha nafasi katikati.

"Hapa, Jabez. Msalaba tu, kama baba yako."

Jabez alikitazama kitabu, akatutazama sisi. Mkono wa mtu aliyeitikia "ndiyo, bwana" kwa miaka thelathini hutii kabla ya kichwa. Akaweka msalaba. Keziah akapokea kalamu, naye akaweka wake. Mimi, shahidi, nikaandika jina langu lote, na mkunjo mzuri mwishoni.

Njiani Jabez akamgeukia mkewe. "Wewe unajua kuandika. Msalaba wa nini?"

"Wako ulikuwa wa nini?"

"Padri kaniambia."

"Ningeandika jina, wangesema nimeolewa na mbumbumbu."

"Sasa watasema mbumbumbu wawili."

"Angalau tumelingana, mume wangu."

"Na huyu Reuben je? Kaandika kama waziri."

Huyo Reuben ni mimi. Ulikuwa mwandiko mzuri kweli.

Jumatatu Jabez alikwenda kwa kasisi kuomba aandike jina mahali pa msalaba.

"Kosa husahihishwa, Jabez," kasisi akasema. "Msalaba si kosa. Umeuweka mwenyewe mbele ya mashahidi. Sigusi kitabu mpaka askofu aniamuru."

Basi Jabez akamwandikia askofu. Siku nne, kurasa mbili. Keziah aliisoma barua asibadilishe neno. Kwa kuwa Jabez hakupenda kumsema mtu kisogoni, tulikwenda wote watatu kumwonyesha kasisi. Aliisoma amesimama, kisha akaketi, uso umemchangamka.

"Barua nzuri mno. Haya ndiyo matunda ya shule yangu."

"Basi naituma, Padri."

"Tuma. Lakini askofu hatakuamini. Kitabuni ataona msalaba, hapa ataona mwandiko huu. Atasema umekodi mwandishi."

Jabez akainamisha kichwa. Kumbe angeandika vibaya angeaminiwa.

"Basi aliyemfundisha aandike hapo chini kwamba anaujua mwandiko huu," akasema Keziah.

Kasisi akakohoa. Mwaka mpya alikuwa amemwarifu askofu, kwa fahari, kwamba shule yake imeifuta misalaba yote Oxmere.

"Unataka nijishitaki, binti yangu."

"Hapana, Padri. Jisifu tu, ila kwa ukweli."

Kasisi akachukua kalamu, akaichovya wino mara mbili. Hatimaye akaandika kwamba mwandiko ni wa Jabez, na kwamba msalaba ulitokana na haraka yake mwenyewe. Akasita.

"Ulikuwa ukiketi safu ya ngapi, Jabez?"

"Ya kwanza, Padri. Mbele yako."

Akaandika na hilo.

Jabez akaikunja barua, akadondosha nta, akaikandamiza kwa dole gumba kwa kuwa hakuwa na muhuri. Hakumkabidhi mtu. Alitembea maili nne mpaka posta, akaitumbukiza sandukuni, akasimama palepale mpaka tarishi alipokuja akaichukua.