Namba za Uzi Mwekundu

Kwacha. Kimya. Kwacha.

Mkasi ulikuwa ukila kitambaa gizani, kabla hata adhana ya alfajiri haijasikika Bongwe. Syovata hakuwasha koroboi. Mafuta ya taa yalikuwa yamepanda bei tena, na yaliyobaki kwenye chupa yalikuwa ya stovu, ya uji wa mtoto. Isitoshe hakuhitaji mwanga. Vidole vyake vilijua ukosi wa shati unapoishia na bega linapoanzia, na mkasi ulipita pale kitambaa kilipoukubalia. Hakuwahi kutumia rula wala chaki. Alikata, akaweka kipande kando ya kipande, akakipapasa. Kikikataa alikigeuza, kikikubali alikishona.

"Unakata nini tena?" Maweu, mumewe, alimuuliza kutoka kitandani. "Si ulisema limekwisha?"

"Ukingo. Upande wa miguuni umepinda."

"Lote limepinda, mama Dianah."

Syovata alicheka kwa pua na kuendelea. Nusu ya kazi ile ilikuwa mapajani mwake. Nusu nyingine ilikuwa imemfunika Dianah hadi masikioni, maana mtoto hakukubali kulala bila hilo. Alikuwa na miaka minne, na katikati ya blanketi kulikuwa na mfuko wa shati la baba yake, ulioachwa wazi makusudi, ambamo aliweka kokwa zake za tunda la bungo kila alipomaliza kuzimumunya.

Majirani waliliita blanketi la viraka. Mwanarusi, mzaliwa wa pale pale Bongwe, aliliita mfarishi. Rispah wa hoteli ndiye aliyeliita sanaa. Aliliona limeanikwa kwenye kamba, akasimama, akainamisha kichwa upande huu na upande huu, akasema hajawahi kuona rangi zikigombana na kupatana namna ile. Hoteli ilikuwa inafunguliwa tena Jumamosi, akasema, na kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono ukumbini kwa ajili ya wageni. Litundikwe pale, na chini yake kadi yenye jina la Syovata. Tangu siku hiyo Syovata aliandika jina lake mara nyingi nyuma ya daftari la masomo ya jioni ya kanisani, akijaribu herufi zipi zitapendeza kwenye kadi.

Blanketi lile lilizaliwa na mvua. Mwaka uliotangulia, vurugu za Likoni zilipotokea na wageni wakapanda ndege kurudi kwao, hoteli iliwaambia wafanyakazi waende nyumbani kwa wiki mbili. Walitoka getini na nguo za kazi mwilini. Hakuna aliyewaambia wazirudishe. Wiki mbili zikawa karibu mwaka. Mashati ya maua ya wahudumu yakaishia kwenye machimbo ya mawe, ambako Maweu alikuwa akikata matofali tangu apoteze kazi ya kubeba sinia. Magauni ya kijani ya wasafisha vyumba yakalimia mihogo. Menza wa bustani aliatamishia kuku koti lake. Zilipochanika zikaletwa kwa Syovata, kwa kuwa alijulikana kuwa ana sindano. Kisha zikaja mvua za El Nino, paa la makuti likavuja pembe zote, Dianah akakohoa usiku kucha, na mama yake akaanza kuunganisha vipande.

Hotelini Syovata alikuwa chumba cha dobi, na kazi yake ilikuwa kushona namba. Kila nguo ya mfanyakazi ilikuwa na namba ndani ya ukosi, kwa uzi mwekundu, ili ikitoka kufuliwa imjue mwenyewe. Mtu akifukuzwa, Syovata aliifumua namba yake kwa wembe, akasugua matundu kwa ukucha na tone la maji mpaka yakazibika, akashona namba ya yule anayeingia. Alijua kuandika tarakimu kwa sindano kabla hajajifunza kuziandika kwa kalamu.

Kwa hiyo aliposhona blanketi alizigeuza zile kosi, namba zikatazama juu. Zilikuwa mkono wake mwenyewe, na uzi mwekundu ulipendeza juu ya kijani. Tena wenyewe walitaka.

"Yangu usiifiche," Mwanarusi alikuwa amemwambia. "Iweke huko juu, kichwani. Miaka tisa nimewatandikia vitanda vyao, hakuna aliyejua naitwa nani. Basi hata namba waione."

Menza alilalamika kwamba yeye amewekwa miguuni. Mwanarusi akamwambia atulie, bustani siku zote iko chini.

Wiki mbili kabla ya hoteli kufunguliwa, Bwana Hesbon wa ofisi ya wafanyakazi alituma habari: wa zamani wataitwa kazini Jumatatu, lakini kila mmoja arudishe nguo zake, na asiyekuwa nazo atahesabiwa ameiba. Watu walikutana kwa Mwanarusi wakakubaliana neno moja. Mafuriko yamezichukua. Nani angebisha, na Ukunda nzima ilikuwa imeogelea? Hesbon alinung'unika, akaandika, akakubali. Katika mazungumzo yote yale, wakiwa wamekaa chumba kimoja na blanketi lenyewe likiwa limemfunika Dianah aliyesinzia, hakuna aliyelikumbuka. Lilikwisha kuwa kitu kingine. Hakuna aliyeliona tena kuwa nguo za mtu.

Jumamosi ya ufunguzi Syovata alilifunga kwa leso, akamshika Dianah mkono, wakatembea mpaka Diani.

Getini alikuwa Garama, askari aliyebakishwa kulinda hoteli wakati wote ilipokuwa imefungwa. Waliamkiana vizuri, akamuulizia Maweu, akamuulizia kikohozi cha mtoto, kisha akamwambia kwa haya kwamba amri imebadilika: mlango wa mbele ni wa wageni peke yao. Wakazunguka nyuma, wakapita penye mapipa ya taka.

Ukumbini kulikuwa na meza za vinyago vya tembo na twiga, vikapu, shanga. Rispah alimpokea kwa furaha ya kweli. Walipanda juu ya viti wakalitundika blanketi ukutani, mkabala na dirisha la baharini, na lilipoachiwa likanyooka, Syovata alishuka akarudi nyuma alitazame. Hakuwahi kuliona limesimama lote; kwenye kamba lilikuwa likikunjwa mara mbili. Nyumbani hapakuwa na ukuta wa kulitosha. Mistari iliyopinda ilikuwa kama barabara za mtu anayerudi nyumbani amechoka, na namba nyekundu ziliwaka katikati yake.

"Ni la nani hilo?"

Bwana Hesbon alikuwa mlangoni. Alikuwa mtu wa bara, mnene wa shingo, na alikuwa amekuja kukagua tu kama viti vimepangwa. Rispah alimjibu kwamba ni kazi ya Syovata wa dobi. Hesbon alisogea. Alishika ukosi mmoja kwa vidole viwili, akauinamia karibu aunuse.

"Hii kitambaa naijua," alisema polepole. "Hii ni shati ya restoranti. Na hii ni ya vyumba." Akageuka. "Si mliniambia maji ilibeba?"

Syovata aligeukia ukuta. Ndipo alipoliona blanketi kwa macho ya Hesbon: si barabara tena, si rangi, bali watu wote wa Bongwe waliosema uongo, kila mmoja na namba yake.

"Tena mmejiandika," Hesbon akasema, na sasa alikuwa akicheka. "Mmeniletea wenyewe, mkanitundikia ukutani. Watu wa hapa nyinyi ni maajabu. Ngoja nitoe rejista ya namba stoo, nikuje niandike moja moja. Jumatatu nitachukua watu wengine. Wako wengi wanalala kwa geti."

Akatoka, lakini mara akasikika akifoka kwamba mwenye ufunguo wa stoo amekwenda Msambweni kuleta samaki wa karamu. Alimwita Garama, akamweka mlangoni. Blanketi lisitoke. Mwanamke huyo asitoke.

Rispah alikuwa amesimama na kadi mkononi. Naye alikuwa na kazi aliyoiogopea. Alimtazama Syovata, akatazama mlango, kisha akaweka bilauri ya maji juu ya meza, karibu kabisa na ukuta, akasema anakwenda kutafuta gundi.

Syovata alifungua fundo la leso. Ndani, kwenye karatasi, kulikuwa na nusu ya wembe. Hakuna mshonaji atembeaye bila wembe.

"Kaka Garama," aliita.

"Dada, mimi nimewekwa niangalie mlango," Garama alisema bila kugeuka. "Sikuwekwa niangalie sindano."

Alianza na namba ya Mwanarusi, kwa kuwa ilikuwa juu na ya kwanza kuonekana. Wembe ukaingia chini ya uzi, ukapita, na ile miaka tisa ikaanguka sakafuni, nyuzi fupi fupi nyekundu. Alichovya kidole majini, akasugua kwa ukucha mpaka matundu yakajifunga. Ilikuwa kazi ile ile aliyoifanya miaka yote mtu alipofukuzwa; leo aliifanya ili wasifukuzwe, na mkono haukujua tofauti. Menza akafuata. Wakafuata wa jikoni, wa baa, yule kijana aliyekufa kwa malaria wakati wa mvua, ambaye mama yake alileta shati likiwa limekunjwa na kunukia sabuni. Hapo mkono ulimsita. Marehemu hangeitwa kazini, lakini mama yake alikuwa hai, na angeweza kuitwa mama wa mwizi. Akaifumua.

Dianah aliokota nyuzi moja moja akaziweka kiganjani.

Namba ya Maweu ilikuwa juu ya ule mfuko wenye kokwa. Alipoimaliza alisikia sauti ya gari nje, na mtu akiteremsha makreti. Ufunguo umefika. Ilibaki moja tu, ya kwake, kwenye pembe ya chini, juu ya kipande cha aproni ya dobi.

Aliweka wembe juu ya uzi, akaushikilia pale.

Aliijua ofisi ile. Ikikuta hakuna hata namba moja, itaita watu wote, itawapanga juani, itawauliza mmoja mmoja mpaka mwenye watoto wengi aseme. Lakini ofisi haikuwa na njaa ya watu wengi. Ilitaka mtu mmoja. Ikimpata, hushiba, hulala. Alifikiria chumba cha dobi, mvuke wake asubuhi, harufu ya mashuka. Alifikiria jinsi alivyokuwa amepanga na Maweu: mishahara miwili, bati badala ya makuti, Dianah nasari. Kisha akakunja wembe katika karatasi yake.

Hesbon aliingia na rejista kwapani na kalamu tayari. Alisimama. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Namba iko wapi?"

"Nilikuwa namalizia kazi, bwana. Nyuzi zilikuwa zimelegea."

"Unanicheza, mama?"

Alilinyanyua blanketi, akalielekeza dirishani apate kuona matundu. Jua lote la Diani lilipita ndani yake, lisimwonyeshe kitu. Alipapasa kosi zote, uso umemwiva, mpaka alipofika pembe ya chini. Hapo akapumua.

"Hii. Mia moja na kumi na nne. Ni nani?"

"Ni mimi."

Akaifungua rejista kuhakikisha, akapiga mstari. Alionekana mtu aliyepona. "Basi Jumatatu usijisumbue," alisema. "Wengine wakuje."

Syovata aliitikia kwa kichwa. Alikwisha kulilia hilo, moyoni, wakati wembe ulipokuwa juu ya uzi. Jambo alilokuwa hajalifikiria lilikuwa jingine, na alilisema kwa sauti ndogo, akinyoosha mikono kuelekea ukutani: kama hakuna maonyesho tena, alichukue blanketi arudi nalo nyumbani, mtoto hulilalia.

"Nyumbani?" Hesbon alimkazia macho. "Kitambaa ni ya kampuni. Namba yako ndio ushahidi. Itabaki hapo, wageni waone."

Hakuweza hata kuondoka mara moja. Mabasi ya wageni yalikuwa yameingia kutoka uwanja wa ndege, na amri ilikuwa hakuna mfanyakazi wala mpita njia kukatiza bustani mpaka watulie. Garama aliwaketisha yeye na mtoto kwenye mlango wa jikoni, uliotazama ukumbini, akawaletea maji. Aliona haya kuwatazama.

Wageni waliingia na bilauri za maji ya madafu. Meneja alihutubia. Rispah alitafsiri baadhi yake kwa Kiswahili, kwa ajili ya watumishi waliopanga mstari ukutani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma bila kusikia: kwamba hapa wafanyakazi ni familia, kwamba katika siku ngumu hoteli haikuwasahau, na kwamba kazi ile nzuri ukutani ndiyo ushuhuda. Watu wakapiga makofi. Kadi ilikuwa imebandikwa chini yake. Kutoka mlangoni Syovata aliisoma, herufi baada ya herufi, kama alivyofundishwa jioni zile kanisani. Kazi ya Wafanyakazi Wetu. Mali ya Hoteli. Aliisoma mara ya pili, labda jina liko mahali fulani chini, kwa herufi ndogo. Halikuwepo.

Bibi mmoja wa Kizungu, mwekundu mabegani, alisogea karibu na blanketi. Akagusa mistari, akagusa ule mfuko, akatumbukiza vidole. Alipovitoa alikuwa ameshika kokwa ya bungo. Akainyanyua juu wenzake waione, akacheka, wakacheka, na Hesbon aliyesimama pembeni mwa blanketi akacheka nao, mikono nyuma, kama kwamba yeye ndiye aliyeitia mle.

Dianah aliachia leso ya mama yake. Syovata alinyoosha mkono kumkamata, akaukuta upepo. Mtoto alikatiza sakafu inayong'aa, pekupeku, nyuzi nyekundu bado zimeshikwa kiganjani, mpaka akasimama mbele ya bibi yule na Bwana Hesbon, akainua uso, na kicheko kikaisha kidogo kidogo ukumbini.

"Hilo ni blanketi langu," alisema.